Pikapu Iliyokunywa Oili

Jumatatu, 9 Juni 1986

Kombaini mbili zimeingia shambani leo, ya tatu inasubiri mkanda. Umande ulikauka saa nne ndipo zikaanza kukata. Ngano ni nzuri mwaka huu. Kutoka hapa karakana hadi chini ya mlima Hanang ni rangi moja tu.

Mzee Tadei, mkuu wa karakana, ameagiza kila fundi aandike habari za magari yake mpaka mavuno yaishe. Mimi nina magari madogo manne. Matatu hayana neno. La nne ni pikapu ya kijivu, ya dizeli, ina miaka kumi na miwili hapa shambani. Ndiyo inayopeleka chakula na vipuri kwenye kombaini, na ndiyo inayobeba wagonjwa wa zahanati. Dereva wake ni Mzee Gidahosh, Mbarbaig wa Gendabi. Amekuja leo kuomba oili ya injini. Ijumaa nilimwongezea lita moja na nusu. Leo kijiti cha kupimia hakifiki hata alama ya chini.

"Inakwenda wapi, mzee?" nikamwuliza.

"Wewe ndiye fundi, Yoakimu," akasema, akaenda kunywa uji.

10 Juni

Nilitandika gunia chini ya injini jana jioni. Asubuhi nimekuta matone mawili. Matone mawili si lita moja na nusu.

Moshi wake si wa bluu, kwa hiyo haiunguzi oili. Maji ya rejeta ni safi, kwa hiyo haiingii huko. Imebaki kuvuja.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeiosha injini kwa dizeli na brashi mpaka chuma kikaonekana. Nimebadilisha gasketi ya kava la tapeti, kifuniko cha juu ya injini, nimekaza filta, nimekaza nati ya kumwagia. Mzee Gidahosh alikaa kwenye tofali akinitazama kazi nzima. Nilipomaliza nikamwambia imepona. Akasema, "Tutaona."

14 Juni

Umande hadi saa tano. Baridi.

Jumanne, 17 Juni

Haikupona. Lita moja imepungua kwa siku nne.

Mzee Gidahosh alikuja na habari mpya. Anasema akiwa amebeba mzigo na anapanda kilima, akisimama na kufungua boneti, anakuta kijiti cha oili kimejiinua chenyewe. Anakirudisha, akipanda tena kinajiinua tena.

"Kijiti hakina miguu, mzee," nikamwambia. Vijana wa karakana wakacheka, nami nikacheka.

Yeye hakucheka. "Nakueleza nilichokiona. Panda na mimi siku moja mpaka kule juu, uone kwa macho yako."

Nilikuwa na kombaini ya tatu kichwani. Nikasema nitapanda siku nyingine.

19 Juni

Bwana Alfredi, meneja msaidizi, amefika karakana na mtunza stoo. Pipa la oili limeshuka kupita hesabu, na jingine haliji kutoka Arusha mpaka mwezi ujao. Kombaini zikikosa oili ngano itabaki shambani. Akaniuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Hii pikapu inavuja au haivuji?"

Nikasema ninachunguza.

"Mjini Katesh oili haipatikani," akasema. "Mtu mwenye lita mbili anauza anavyotaka. Chunguza na hilo."

Jumanne, 24 Juni

Nimefungua sampu, bakuli la oili chini ya injini. Gasketi yake ilikuwa nzima, lakini nimekata nyingine. Chini ya gari pamelowa oili iliyoganda na vumbi, kama magari yote ya hapa. Nimepakwangua, nimepaosha. Sili ya nyuma ya krenki, ule mpira wa kuzuia oili, ni jasho tu, si kuvuja. Halafu nimeiendesha mwenyewe saa nzima, kuzunguka karakana na maghala, tupu. Nimelala chini yake na tochi. Pakavu kabisa.

Ameniita Bwana Alfredi nimwandikie. Nimeandika hivi: "Nimekagua injini, nimebadilisha gasketi mbili, nimeijaribu saa moja. Haivuji." Kila neno ni kweli. Nimetia sahihi.

Ijumaa, 27 Juni

Leo wafanyakazi wote wa karakana tuliitwa uwanjani kabla ya kazi. Bwana Alfredi alisoma karatasi yangu, kisha akaniita mbele.

"Fundi, gari halivuji?"

"Halivuji."

"Oili inaisha?"

"Inaisha."

"Basi inakwenda wapi?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Dereva ndiye anayekaa nalo."

Mzee Gidahosh alikuwa amesimama mstari wa mbele, kofia mkononi. Amefanya kazi hapa tangu shamba linaanza. Watu wa kwao wengi hawakupenda, kwa sababu mashamba haya yalikuwa malisho yao, lakini yeye alijifunza gari na akabaki. Alimtazama Bwana Alfredi, kisha mimi.

"Mimi nilikueleza," akaniambia. "Ulicheka."

Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya boneti ya pikapu, akatoka kwa miguu. Kutoka hapa hadi Gendabi ni mbali. Hakuna aliyemwita.

28 Juni

Gervasi amepewa pikapu. Ni kijana wa Mbulu, kijiji kimoja na mimi, tunasali kanisa moja.

Jumamosi, 5 Julai

Wiki nzima oili imepungua kikombe tu. Gervasi anapeleka chakula kwenye kombaini za karibu na kurudi. Bwana Alfredi amenipiga begani: "Umeona?" Nimeona. Nimelala vizuri.

8 Julai

Upepo. Makapi ya ngano yanaingia mpaka kwenye ugali.

12 Julai

Kombaini ya pili imevunja visu. Sikugusa magari madogo.

Jumanne, 15 Julai

Gervasi alitumwa Mbulu, huko juu milimani, na mzigo wa magunia, akarudi leo. Nimepima oili kwa desturi tu. Imepungua lita moja na nusu.

Nikamwuliza kama amesimama mahali. Akasema alisimama kula tu. Nikamtazama usoni. Namjua tangu anachunga ndama. Nikajiambia huyu hawezi kuiba.

Baadaye, nikiwa naosha mikono, nikajiuliza mbona kwa Gervasi imenichukua muda wa kufumba na kufumbua kusema hawezi, na kwa yule mzee sikutafuta hata sababu ya kusema hivyo. Nimeliandika hapa kwa sababu halitoki kichwani.

Sijamwambia Bwana Alfredi.

18 Julai

Nimeomba chaki shuleni, nikazisaga, nikaupaka unga wake injini nzima baada ya kuiosha. Oili ikitoka popote itaacha mstari. Gervasi akaenda kwenye kombaini, akarudi. Chaki nyeupe kama nilivyoipaka. Kwenye tambarare haivuji. Itabidi niipandishe kilima na mzigo, lakini kila siku kuna kazi nyingine.

20 Julai

Jumapili. Tumefanya kazi hadi jioni. Mawingu yamekaa juu ya Hanang, Mzee Tadei anaogopa mvua.

Jumanne, 22 Julai

Naandika haya nikiwa nimerudi. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Saa sita mchana Sista Zita, muuguzi wa zahanati yetu, alikuja karakana akikimbia. Benedikta, mke wa fundi mmoja wa kombaini, alikuwa na uchungu tangu jana na mtoto hashuki. Lazima afike hospitali ya misheni, huko juu. Gervasi alikuwa amelala na malaria. Mzee Tadei akaniambia, "Peleka wewe."

Tulitandika godoro nyuma, tukafunika juu kwa turubai. Sista Zita na mama mkwe wa Benedikta wakapanda naye, pia wanaume wanne wa kusukuma tukikwama. Nikaweka galoni ya oili chini ya kiti, ya lita nne. Sikujua kwa nini, au nilijua.

Tambarare ilikwenda vizuri. Tukaanza kupanda, gia ya pili, kisha ya kwanza. Nusu ya mlima nikasikia harufu ya oili inayoungua. Baadaye kidogo taa nyekundu ikawaka. Nikazima injini hapo hapo, wanaume wakaweka mawe kwenye matairi.

Nilifungua boneti. Kijiti cha oili kilikuwa kimejiinua shubiri nzima kutoka kwenye tundu lake. Oili ilikuwa imemwagika ubavuni mwa injini na kuungua juu ya bomba la moshi. Huko chini, nyuma ya injini, ilikuwa inatiririka kama maji ya kopo lililotoboka.

Nilisimama nimekishika kile kijiti. Nilimsikia yule mzee kama vile yupo kando yangu: panda na mimi siku moja.

Kutoka nyuma Benedikta alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Sista Zita akaniita, "Fundi, tuna muda kidogo sana."

Nikamimina galoni yote. Nikawasha. Taa ikazima. Kabla sijakifunga kifuniko cha kumiminia niliweka kiganja juu ya tundu, na pumzi ikakisukuma kiganja changu juu. Injini ya kawaida haipumui hivyo. Pumzi ya ndani inatakiwa itoke kwa mrija wake, unaotoka kwenye kava la tapeti na kuingia kwenye bomba la hewa. Isipopata njia itatafuta nyingine, na itasukuma oili kwenye kila sili na kila tundu. Gari likiwa tupu kwenye tambarare, pumzi ni kidogo. Likipanda na mzigo, ni nyingi.

Nikazima tena. Nikauchomoa mrija upande wa kava. Safi. Upande huo niliwahi kuufungua Juni. Nikauchomoa upande wa pili, kwenye bomba la hewa, upande ambao Juni sikuugusa. Ndani yake kulikuwa na kitu kigumu, cheusi. Nikakivuta kwa bisibisi. Kilitoka polepole, kinanuka.

Kilikuwa tambara. Nilipolikunjua, ndani lilikuwa bado la kijani, na lina kifungo. Ni kola ya shati langu la chuo cha ufundi. Mwezi wa pili, wakati wa vumbi, nilifungua kichwa cha injini hii, nikaziba huo mrija kwa tambara ili vumbi lisiingie. Nilipofunga sikulitoa. Niliukaza mrija mwenyewe, na tambara ndani.

Sista Zita aliinua turubai. "Umepata?"

"Nimepata."

"Ni nini?"

"Tambara."

"Basi twende."

Tulipanda mlima wote. Taa haikuwaka tena. Kwa woga nilisimama mara moja kutazama kijiti. Kilikuwa kimetulia mahali pake.

Benedikta alipasuliwa muda mfupi baada ya kufika. Mtoto wa kike, mzima. Mama amepoteza damu nyingi lakini anaongea. Daktari alimwambia Sista Zita kwamba kama tungechelewa saa moja zaidi angetuambia maneno mengine. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia.

Tulirudi jioni. Oili haikupungua hata unywele.

23 Julai

Umande hadi saa nne. Kila mtu ananipongeza kwa habari ya Benedikta. Tambara liko mfukoni mwa ovaroli.

24 Julai

Hakuna aliyeuliza gari lilikuwa na nini. Wanaume wanne walioniona wanasema tu, "Fundi alitengeneza njiani."

25 Julai

Nilikwenda mpaka mlango wa ofisi ya Bwana Alfredi. Alikuwa na wageni. Nikarudi, nikafurahi kwamba alikuwa na wageni. Ndivyo nilivyo.

Jumapili, 27 Julai

Nilikwenda kusali. Nilikaa nyuma. Gervasi amepona, alikaa karibu nami. Tukitoka akaniambia, "Kaka, ile siku ya Mbulu uliponiuliza kama nimesimama mahali, ulidhani nimeiba?"

Nikasema hapana.

"Ungenidhania ungefanya nini?"

Tumetembea pamoja hadi nyumbani.

Jumatatu, 28 Julai

Nimemwambia Bwana Alfredi. Nimeliweka tambara mezani kwake juu ya gazeti, nikaeleza tangu mwezi wa pili.

Alinisikiliza. Kisha akasogeza gazeti pembeni kwa kalamu.

"Mavuno yamebaki wiki tatu. Gari limepona?"

"Limepona."

"Basi. Yule mzee ameshaondoka. Kuna mtu amelalamika?"

"Mimi."

"Wewe ndiye uliyeandika halivuji. Mimi nilisoma karatasi yako tu. Nikiandika barua ya kumrudisha yeye, itabidi niandike na yako. Umefikiri hilo?"

Nikasema nimelifikiri siku sita.

Akasema, "Kwanza kamtafute kama anataka kurudi. Halafu uje."

Jumatano, 30 Julai

Mzee Tadei alinipa siku moja. Nilipata lifti ya trekta, iliyobaki nikatembea. Gendabi niliuliza njia mara mbili. Boma lake lina uzio wa miiba, ng'ombe walikuwa bado hawajatoka kwenda malishoni. Alikuwa anamkagua ndama mguu. Alikuwa amevaa shuka, sijawahi kumwona bila ovaroli.

"Shikamoo, mzee."

Alimaliza kuutazama ule mguu. Akamwachia ndama. "Marahaba."

Hakunikaribisha kukaa. Nikaeleza nikiwa nimesimama. Nilimwonyesha kola. Nikamwambia kijiti kilijiinua kama alivyosema, nimekiona kwa macho siku ya kumpeleka Benedikta hospitali, na ni mimi niliyeziba mrija, si mtu mwingine. Mkewe alisimama mlangoni akisikiliza. Sijui Kiswahili chake kinafika wapi, lakini alinitazama hadi mwisho.

"Benedikta?" akauliza mzee.

"Mzima. Na mtoto."

Akatikisa kichwa kukubali. Akakaa kwenye jiwe.

"Ndugu zangu walinikataza kazi ile," akasema. "Walisema, wamelima malisho yetu na wewe unawaendeshea gari. Nikawaambia gari ni gari, na wao wana wagonjwa kama sisi. Siku niliyorudi kwa miguu walicheka sana. Mwizi wa oili. Hata mwizi wa ng'ombe ana heshima yake."

"Nisamehe, mzee."

"Maneno ya hapa hayanisaidii. Jina la mwizi halikuanzia hapa. Ulisema wapi?"

"Uwanjani. Mbele ya karakana nzima."

"Basi kaseme huko huko. Nitakuja kusikiliza."

Mkewe alinipa maziwa kwenye kibuyu kabla sijaondoka. Mzee alikuwa ameshakwenda na ng'ombe.

Ijumaa, 1 Agosti

Nilimwomba Mzee Tadei aite watu kabla ya kazi. Bwana Alfredi alikuja akasimama nyuma, mikono mfukoni. Mzee Gidahosh alikuwa ameshafika. Alisimama getini na shuka lake na fimbo, hakuingia.

Nilifikiri nitasema vizuri. Nilisema vibaya. Nilianza katikati, nikarudi mwanzo. Nilisema oili haikuibwa. Nilisema niliacha tambara langu ndani ya mrija mwezi wa pili, likaziba pumzi ya injini, oili ikawa inamwagika njiani kwenye kupanda, na dereva alinieleza dalili yake nikamcheka. Nilisema Juni 27 nilisimama hapa nikamfanya mtu mzima mwizi kwa sababu nilikuwa naona haya kusema sijui. Nikaliinua tambara juu, waone kifungo.

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza. Sista Zita alikuwa amesimama mlangoni pa zahanati na beseni mkononi. Gervasi alikuwa anatazama chini.

Mzee Gidahosh alisema kutoka getini, "Nimesikia." Akaondoka.

Nilidhani ameondoka moja kwa moja.

4 Agosti

Barua zimetoka mbili. Ya Mzee Gidahosh inamrudisha kazini kuanzia leo. Yangu inaniondoa kwenye magari madogo. Sasa mimi ni msaidizi kwenye kombaini, chini ya fundi niliyekuwa namfundisha. Mzee Tadei alinipa barua bila kunitazama, kisha akasema, "Ulifanya sawa. Lakini ulichelewa."

Mzee Gidahosh alikuja saa moja asubuhi amevaa ovaroli safi. Akachukua ufunguo kwa Gervasi.

7 Agosti

Mzee Gidahosh ameleta mahindi na maharage kwenye kombaini yetu. Nilimwamkia, akaitikia. Aliongea na wengine.

12 Agosti

Mvua ya manyunyu asubuhi. Hatukukata hadi saa nane.

Jumanne, 19 Agosti

Benedikta amerudi na mtoto. Pikapu ndiyo iliyomleta. Nilimwona Mzee Gidahosh akimshikia mtoto wakati mama anashuka. Mtoto anaitwa Zita.

23 Agosti

Ekari za mwisho. Vumbi tupu. Kombaini zimerudi karakana kwa mstari, watu wanapiga kelele. Nimekula nyama.

29 Agosti

Nasafisha visu siku nzima. Akiwa na shida ya gari Mzee Gidahosh humwita Gervasi, ambaye sasa anajifunza ufundi. Ni haki yake.

Jumatano, 3 Septemba

Mzee Tadei amesema mavuno yameisha, hakuna haja ya kuandika tena. Naandika ya leo tu.

Saa nane hivi nilikuwa chini ya kombaini. Nikaona viatu vya Mzee Gidahosh vimesimama karibu na kichwa changu.

"Gari lina sauti," akasema. "Gervasi haisikii. Njoo."

Nikatoka, nikajifuta mikono. Nikamwambia mimi si wa magari madogo tena, itabidi aombe ruhusa kwa Mzee Tadei.

"Nimeshaomba. Panda."

Nikapanda upande wa abiria. Alikuwa amepakia magunia ya mbegu hadi juu. Akawasha, akatoka getini, akashika njia ya mlimani, si ile ya kuzunguka maghala. Tulipofika tambarare sikusikia kitu. Nilitaka kusema huenda ni tairi. Nikajizuia.

"Nieleze, mzee," nikasema. "Inaanza lini, na wewe unaisikia wapi?"

Alinitazama mara moja, akarudisha macho njiani. Akabadili gia, akaanza kueleza. Alieleza polepole, jambo moja baada ya jingine, tangu siku ya kwanza alipoisikia. Sikumkatiza mpaka tulipofika juu.